Ndiyo kwa Swali la Tatu

Sheria ya jimbo letu inasema mtumishi wa chuo cha umma anaruhusiwa kuwaeleza watu habari za kura, ila haruhusiwi kuwaomba wapige Ndiyo wala Hapana. Najua hivyo kwa sababu Leocadia Baca alinisomea sheria hiyo jikoni kwangu, mwezi wa Septemba, huku anamenya tamale yangu, mkate wa mahindi wa pilipili nyekundu uliofungwa kwa maganda, ya tatu kwa hesabu, na anacheka.

"Mimi naeleza," akasema, anajifuta vidole. "Wewe unaomba. Mimi nikiomba, kazi sina. Wewe umeshastaafu, komadre, nani atakufukuza?"

Leocadia ni mama wa ubatizo wa mwanangu Delfino. Huku kwetu, mabonde ya juu ya New Mexico, hilo si jambo la kupigia picha kisha likaisha. Tangu siku mtoto anapomwagiwa maji, mama aliyemzaa na mama aliyemshika hawaitani tena majina. Wanaitana komadre mpaka kaburini, na wakigombana watu husema mvua itakata. Mimi na Leocadia tulikuwa na miaka thelathini na minne bila neno baya kati yetu. Yeye alisoma akapanda, akawa mkuu wa chuo, Tawi la Los Alisos. Mimi niliendesha basi la shule miaka ishirini na saba. Los Alisos ndicho kijiji chetu, na hicho chuo kilizaliwa hapa, kama shule ya ufundi, kabla baba yangu hajaota ndevu.

Karakana ya uchomeleaji iko mwisho wa barabara yetu, au niseme kuta zake ziko. Paa liliporomoka kwa theluji miaka tisa iliyopita. Wakabandika karatasi mlangoni kwamba mafunzo yamesitishwa "kwa muda", ofisi zikahamia Cuesta Blanca kando ya barabara kuu, mwendo wa saa moja na nusu, na ule "muda" ukawa mrefu kuliko mahubiri ya Pasaka. Vijana waliokuwa wakijifunza kazi hapa na kulala kwao wakaanza kuondoka. Wangu alikuwa miongoni mwao. Alienda kusini kwenye visima vya mafuta, saa sita kwa gari, kuunganisha mabomba jangwani. Nilikuwa namwona Krismasi, na Krismasi nyingine simwoni.

Sasa, kila baada ya miaka miwili jimbo linawauliza wapiga kura kama linaruhusiwa kuuza hatifungani, yaani kukopa, ili lijenge. Swali la kwanza huwa la nyumba za wazee, la pili la maktaba, la tatu la vyuo. Kijiji chetu kilipiga Hapana kwa Swali la Tatu mara mbili mfululizo, kwa hasira ya ile karatasi mlangoni. Safari hii Leocadia alikuja na kipeperushi cha chuo. Juu kulikuwa na picha ya karakana yetu, ile ile, na miti yake mirefu nyuma yake. Chini paliandikwa kwamba Ndiyo italeta karakana mpya ya ufundi katika Tawi la Los Alisos.

Nikakisoma mara mbili. Nikauliza, "Hapa?"

"Si umesoma, komadre? Los Alisos." Akanishika mkono. "Na karakana ikisimama itataka mwalimu. Mwalimu gani mwingine, kama si Delfino?"

Basi nikalainika. Watu wa kusoma huwa wanadhani sisi tunadanganywa kwa maneno makubwa. Mimi nilidanganywa kwa neno moja dogo, jina la kijiji changu.

Nikaanza kugonga milango wiki ile ile. Niliwabeba watu wa bonde hili tangu wana meno ya maziwa, kwa hiyo hakuna mlango uliofungwa. Wengine walinicheka: "Bi Eufelia, umepoteza basi, sasa umekuja kutubeba kwa miguu?" Nilicheka nao, nikala walichonipa, nikawaambia: pigeni Ndiyo, karakana inarudi, watoto wenu hawataondoka. Habari za Delfino sikuzisema kwenye mlango wowote. Hiyo ilikuwa siri yangu na tamaa yangu, na naiungama.

Mlango mgumu ulikuwa wa Mzee Eleuterio Quintana, msimamizi wa mfereji wetu wa maji, mtu wa miaka themanini na moja ambaye hajawahi kupiga Ndiyo kwa chochote. Alinipokea kizingitini, hakunikaribisha kahawa.

"Kitu chochote kabla hakijajengwa ni cha watoto," akasema. "Kikishajengwa ni cha mkurugenzi."

"Hiki si hivyo, Mzee."

"Wanajenga wapi?"

"Hapa hapa. Mwisho wa barabara."

"Nani kasema?"

"Leocadia."

"Sijamuuliza Leocadia. Leocadia nikimuuliza saa, ataniambia habari za utengenezaji wa saa. Nakuuliza wewe, uliyekuwa ukinirudishia wajukuu wangu wazima wazima hata barabara ikiwa barafu tupu. Wewe unasema wapi?"

"Nasema hapa," nikamjibu. "Naapa kwa kaburi la mume wangu."

Akanifungulia mlango na kuweka maji ya kahawa jikoni.

Siku ya kura niliketi nje ya ukumbi wa shule, nyuma ya kile kibao kilicho futi mia moja kutoka mlangoni, ambacho mwombaji kura haruhusiwi kukivuka, na sinia la biskuti za mdalasini mapajani. Upepo wa Novemba ulinikata masikio. Kila aliyepita alichukua biskuti na kunikonyeza. Mzee Eleuterio alikuja na koti lake la kanisani. Hakuchukua biskuti, ana sukari, lakini alitoka akaniinulia kofia. Kijijini Ndiyo ilipata mia tatu tisini na moja, Hapana ishirini na mbili. Jimbo zima pia lilikubali. Leocadia alinipigia simu analia kwa furaha, nami nikalia, na Jumapili Delfino alipopiga nilimwambia habari yote. Akanyamaza kidogo, akasema, "Hongera, Mama. Umefanya kazi kubwa." Nilidhani kanyamaza kwa kuguswa.

Majira ya baridi yakapita. Machi tukasafisha mfereji, kama kila mwaka, watu arobaini na machepe tangu asubuhi. Kazi ilipokwisha Mzee Eleuterio hakuwaruhusu watu waende kula. Aliwapeleka mpaka karakanani. Wakafyeka magugu, wakatoa mabati yaliyooza, wakazoa vioo, wakarundika matofali mazima upande mmoja kwa safu. Mwenyewe aliketi juu ya ndoo, akayasugua matofali kwa brashi ya waya, moja moja.

"Wajenzi wasikute aibu," akasema.

Mwezi wa Mei kadi ikaja kwa posta, karatasi nzito ya kung'aa. Chuo kilikuwa kinanialika kwenye sherehe ya kuchimba udongo wa kwanza wa karakana mpya, na nilikuwa nimeorodheshwa miongoni mwa watu kumi watakaoshika machepe yaliyopakwa rangi ya dhahabu. Nikavaa miwani kutafuta saa. Chini ya saa palikuwa na anwani: Tawi la Los Alisos, njia ya pili ya kutokea barabara kuu, Cuesta Blanca.

Nikadhani mpiga chapa amekosea. Kweli nilidhani hivyo, na nikapiga simu chuoni kumsaidia binti wa ofisini asahihishe kadi kabla hazijasambaa.

"Hamna kosa, Bi," akasema. "Ni hapa hapa chuoni."

"Chuoni ni huku, mwanangu. Huku Los Alisos."

"Sisi ndio Los Alisos, Bi. Huko ni..." Nikamsikia anapekua karatasi. "Huko panaitwa eneo la kihistoria."

Nilikata simu bila kuaga, jambo ambalo mama yangu angenichapa kwalo. Nikachukua ufunguo wa gari. Njia nzima, mwendo wa saa moja na nusu, nilikuwa nikijiambia kuna maelezo. Leocadia ni komadre wangu, kutakuwa na maelezo tu.

Alikuwa ofisini, ukutani kwake kuna mchoro mkubwa wa jengo la vioo na maegesho. Alinikumbatia. Nikaweka kadi mezani.

"Komadre, hii ni nini?"

"Ni mwaliko. Nilihakikisha jina lako limo."

"Karakana inajengwa huku?"

"Los Alisos," akasema, kama vile anamsomea mtoto. "Tawi linaitwa Los Alisos, komadre. Jina ni la chuo, si la kijiji. Limehama na chuo tangu paa lianguke. Sheria yenyewe imeandika hivyo, na kipeperushi kimeandika hivyo."

"Kipeperushi kina picha ya kwetu!"

"Ni picha ya historia ya chuo."

"Nilikuuliza. Jikoni kwangu. Nilikuuliza, hapa?"

"Nami nikakuambia Los Alisos. Sikukuambia hapa." Akavua miwani. "Sikiliza. Wanafunzi wako huku. Barabara iko huku. Hakuna mbunge ambaye angetoa senti kujenga mwisho wa bonde lenye nyumba mia mbili. Na kila nilipokwenda kwao walinipiga kwa swali lile lile: watu wa Los Alisos wenyewe wanapiga Hapana, jimbo litaitakia nini Los Alisos? Nilihitaji kijiji kiseme Ndiyo. Mimi hawanisikilizi, wananiona nimejitia uzungu. Wewe wanakuamini."

"Kwa hiyo ukanivisha kilemba cha ukoka, ukanituma."

"Sikukutuma. Mimi sheria hainiruhusu kuomba, na sikuomba. Mimi nilieleza." Akaitelezesha kadi kwangu juu ya meza. "Wewe ndiye uliyeahidi."

Hasira yangu huwa ina kelele, kila mtoto aliyepanda basi langu atakuambia. Lakini pale sauti haikutoka. Nilikuwa namwona Mzee Eleuterio juu ya ndoo yake na brashi yake ya waya. Niliapa kwa kaburi. Kaburi la mume wangu nililiweka rehani kwa neno la mwanamke huyu, naye ameketi ananisomea kipeperushi.

Akadhani ukimya wangu ni dalili njema, maana akalainisha sauti.

"Usinikasirikie, komadre. Ulichokitaka hasa si umekipata? Delfino amerudi."

"Amerudi wapi?"

Nikamwona anashtuka. Ndiyo mara pekee siku ile uso wake ulipomsaliti.

"Nilidhani ameshakuambia," akasema. "Alisema atakuambia mwenyewe baada ya Pasaka. Masomo yanaanza Agosti, tumekodi ukumbi kwa muda mpaka jengo liishe. Yupo hapa tangu Machi, anapanga vifaa. Nyumba yake iko nyuma ya kanisa, yenye mlango wa kijani."

Sikumbuki kama nilimuaga. Nakumbuka kwamba nyuma ya kanisa palikuwa na nyumba nane mpya zinazofanana, na moja ilikuwa na mlango wa kijani na gari la Delfino mbele yake, limeoshwa. Gari lake la jangwani huwa limejaa vumbi mpaka hujui rangi yake.

Alifungua mlango ana aproni. Alikuwa anapika pilipili za kijani na nyama, harufu ya jikoni kwangu kabisa. Aliponiona akasema, "Mama," akarudi nyuma hatua moja, nikaingia.

Nyumba nzuri. Sitasema uongo. Jiko jipya, pazia, picha ya baba yake ukutani imeshatundikwa kwa msumari na kupimwa isipinde.

"Jumapili ulinipigia," nikasema. "Ukaniambia upepo wa kule unaingiza mchanga kwenye kahawa."

Akageukia sufuria, akakoroga.

"Na Jumapili ya kabla ya hiyo umeniambia wenzako wa kisimani wamechinja mbuzi. Mbuzi yupi, Delfino? Uko mwendo wa saa moja na nusu kutoka kwangu, unaniambia habari za mbuzi?"

"Nilikuwa natafuta siku nzuri ya kukuambia."

"Tangu Machi?"

"Keti, Mama."

"Siketi. Komadre alikuahidi kazi lini?"

Akazima moto chini ya sufuria. Akaanza kufungua aproni, ikamshinda fundo, akaiacha.

"Agosti," akasema.

"Agosti ipi?"

"Mwaka jana."

Nikahesabu vidoleni, ingawa hesabu yenyewe ni ya mtoto mdogo. Leocadia alikuja na kipeperushi Septemba. Agosti iko kabla ya Septemba. Agosti iko kabla ya mlango wa kwanza nilioupiga hodi, kabla ya kiapo, kabla ya biskuti. Usiku ule wa matokeo nilipolia kwenye simu, na yeye akanyamaza, hakuwa ameguswa. Alikuwa anatafuta la kusema.

"Ulijua inajengwa huku?"

"Nilijua."

"Na ukaniacha nigonge."

"Mama, kule kusini mwenzangu aliungua mbele ya macho yangu. Nilitaka kutoka. Nilitaka kuwa karibu na wewe. Jumamosi na Jumapili nitakuwa nakuja, nitakukatia kuni, tutakula pamoja. Hii ndiyo nafasi iliyokuwepo. Nyingine hakuna. Karakana ya kijijini haikuwepo hata kwenye karatasi, siku yoyote."

"Ungeniambia hivyo hivyo ulivyoniambia sasa. Ningelia, ningekubali. Hakuna mama anayekataa mwanawe asiungue."

"Ungekubali nije huku," akasema. "Najua. Lakini ungegonga ile milango?"

Nilifikiri kwa haki. Alikuwa mwanangu, alistahili jibu la haki. Nikamwona Mzee Eleuterio kizingitini akiuliza wapi, nikajiona namwambia: Cuesta Blanca, Mzee, nyuma ya kituo cha mafuta, lakini mwanangu atapata kazi.

"Hapana," nikasema.

"Ndiyo maana," akasema Delfino.

Alisema taratibu, bila ubaya wowote, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Na hapo ndipo kisu kilipoingia. Leocadia alikuwa amenitumia kwa sababu hakunijua vya kutosha, alinidhania ni mtu wa kuridhishwa kwa kadi na chepe la dhahabu. Huyu alinijua. Alijua sitasema uongo mlangoni kwa watu, hata kwa ajili yake, basi akahakikisha ninausema bila kujua.

Alinivutia kiti. "Kula kwanza, Mama. Tutaongea."

"Kesho asubuhi nakwenda kwa Mzee Eleuterio," nikamwambia. "Kisha kwa wote, mlango mmoja mmoja, kama nilivyokwenda. Nitawaambia niliapa uongo. Watauliza nani alijua, na nitawapa jina."

Akashusha pumzi, nadhani ya nafuu. "La Leocadia. Ni haki yako."

"La Leocadia wanalo tayari," nikasema. "Nitawapa lako."

Akabaki ameshika mgongo wa kile kiti. Nikatoka, nikaingia garini, nikaishika njia ya kurudi bondeni.